Kushusha Matawi Juu ya Kahawa: Tengeneza Kamba na Pete Yako, Lakini Itengeneze Vizuri

 

Leo naongelea kitu ambacho nilipokuwa chuo nasoma stashahada sikufundishwa hata siku moja, nacho ni namna ya kushusha tawi zito kutoka juu ya mti bila kuharibu kilicho chini. Tulifundishwa kupogoa, tukafundishwa sehemu ya kukata na jinsi ya kuacha kidonda kipone. Tawi lenyewe linafikaje chini? Hapo kila mtu anajijua mwenyewe.

Kwa sisi tulioko kwenye miteremko ya Kilimanjaro hili ni jambo kubwa. Kabla masika hayajaanza vijana wengi wanapunguza kivuli shambani. Grevilea zimepanda juu na zimefunika kahawa. Wengine wana miparachichi ya kienyeji ya tangu enzi za babu, wanataka kukata matawi makubwa ili wabebeshe Hass. Shida ni kwamba chini ya miti hiyo hakuna uwanja mtupu. Kuna mibuni, migomba, banda la ng'ombe, bomba la maji, na wakati mwingine paa la nyumba ya mama. Mbuni unakula miaka kama mitatu hivi kabla haujaanza kukupa kitu. Tawi moja likidondoka vibaya, miaka hiyo inaondoka kwa sekunde mbili.

Ndo maana vijana wengi sasa wananiuliza kuhusu kamba na pete. Wameona video za mafundi wa miti wa Ulaya na Marekani wakishusha matawi taratibu, kamba inapita kwenye pete nene iliyofungwa juu ya mti. Wanauliza, afisa, hiki kitu naweza kujitengenezea? Jibu langu ni ndiyo. Ila kuna njia sahihi na kuna njia ya kuvunja mtu mguu, na ukiziangalia kwa macho zinafanana.

Nilivyokosea mwenyewe

Mwaka juzi kijana mmoja wa kata yangu aliniita shambani kwake asubuhi. Alikuwa amechukua kipande cha nondo, akakikunja kuwa duara na kumpelekea fundi akachomelea kiungo. Akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa. Pete hiyo akaifunga kwenye kamba na kamba akaifunga juu ya grevilea. Aliniuliza inafaa au haifai. Niliishika, nikaipiga chini mara mbili, nikamwambia iko vizuri, endelea. Nikapanda pikipiki yangu nikaenda zangu kwenye chanjo ya kuku.

Matawi matatu ya mwanzo yalishuka salama. La nne lilikuwa zito zaidi. Kamba ilikuwa imelegea kidogo, kwa hiyo tawi lilianguka kama mita moja kabla kamba haijalidaka. Kiungo cha kuchomelea kikafunguka. Kamba ikachomoka kwenye pete na tawi likaja lote. Mdogo wake alikuwa ameingia chini ya mti kuvuta matawi yaliyoshuka mwanzo. Mguu ulivunjika chini ya goti. Alikaa nyumbani miezi na hakuonekana shambani msimu ule wote wa kuchuma.

Yule kijana hakunilaumu. Lakini mimi najua nilichosema asubuhi ile. Nilikagua kwa macho kitu ambacho hakikaguliki kwa macho, na sikuuliza nani atasimama wapi. Tangu hapo nikaamua kulielewa vizuri jambo hili, na ninayoandika leo ndiyo ningetakiwa kumwambia siku ile.

Pete inafanya kazi gani?

Ukitupa kamba juu ya panda ya mti na kushusha mzigo, kamba inasugua gamba. Inakwama, halafu inaachia ghafla. Inajikata yenyewe na kuuchubua mti. Mabaharia waliitatua shida hii zamani sana kwa kapi, ile puli ya mbao unayoiona kwenye majahazi. Pete ni ndugu wa kapi, ila haina gurudumu. Ni tundu nene, laini, la duara, ambalo kamba inateleza ndani yake.

Faida yake ni mbili. Kwanza haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo hakuna cha kukwama wala kuhitaji grisi. Pili, inasuguana na kamba kidogo, na msuguano huo unamsaidia anayeshika kamba chini asibebe uzito wote.

Sasa kuna jambo ambalo watu hawalijui. Chukua tawi la kilo 50. Upande mmoja wa pete tawi linavuta chini kwa kilo 50. Upande wa pili kamba inayoenda kwa mshikaji nayo inavuta chini. Kwa hiyo pale juu pete na kamba iliyoishikilia hazibebi kilo 50, zinabeba uzito unaokaribia kilo 100. Na hapo tawi limetulia. Likianguka kidogo kabla ya kudakwa, nguvu inaweza kuwa mara kadhaa ya hiyo. Ile nondo haikufunguka kwa sababu tawi lilikuwa na kilo nyingi za kutisha. Ilifunguka kwa sababu ya mshtuko.

Siri iko kwenye mfereji

Angalia vizuri pete za mafundi wenyewe. Hawajaitundika kamba kwenye pete kama kiungo cha mnyororo. Pete ina mfereji kuzunguka upande wa nje, kama ukingo wa ringi ya baiskeli. Kamba ya kushikilia inapita ndani ya mfereji huo na kuikumbatia pete yote. Kamba ya kushushia inapita katikati, kwenye tundu.

Fikiria nini kinatokea mzigo ukija. Pete haivutwi huku na huku, inabanwa tu kati ya kamba mbili. Anayebeba ni kamba. Na hata pete ikipasuka, kamba ya kushushia bado iko ndani ya kitanzi cha kamba iliyoikumbatia. Itasugua, itaharibika, lakini mzigo hautachomoka.

Ile ya nondo ilikuwa kinyume. Uzito wote ulikuwa unataka kuifungua pete, na kilichozuia ni sentimita moja ya kuchomelea. Kwa hiyo shika kanuni hii moja hata ukisahau mengine yote: kamba ibebe, pete iongoze tu.

Vitu vya kutafuta

*1. Kamba.* Hapa ndipo wengi wanapigwa. Dukani kila kamba ya plastiki inaitwa nailoni. Nyingi si nailoni, ni polipropilini, zile za bluu, kijani au njano. Polipropilini inayeyuka kwenye joto dogo kuliko nailoni, na kamba inayoteleza haraka kwenye pete au kwenye gamba inapata joto. Pia jua linaila haraka. Tunachotaka ni nailoni ya kweli au poliesta, iliyosokotwa kwa nyuzi tatu nene.

Kipimo chake ni rahisi. Omba kipande kidogo, kitumbukize kwenye ndoo ya maji na ukikamue ili hewa itoke. Kikielea, hiyo ni polipropilini au ndugu yake, iache. Nailoni na poliesta zinazama.

Kamba ya katani ya Tanga ni nzuri kwa kufungia mizigo, lakini kwa kazi hii hapana. Ni dhaifu kuliko nailoni ya unene uleule, na ikilowa na kuhifadhiwa vibaya inaoza kwa ndani bila kuonekana.

Nunua hizi:
- Kamba ya milimita 12, mita 30, ya kushushia.
- Kamba ya milimita 16, mita 4, ya kushikilia pete.

Hesabu ya urefu ni hivi: pete ikiwa mita 8 juu, unahitaji mita 8 kupanda, mita 8 kushuka, na nyingine za kuzungusha kwenye shina na za mshikaji kusimama mbali. Mita 30 zinatosha bila kubanana.

*2. Pete.* Nenda kwa fundi wa kukereza vyuma, mwenye mashine. Usiende kwa wa kuchomelea. Mpe kipande kizima cha alumini au chuma laini, na vipimo hivi:
- Upana wa nje milimita 80.
- Tundu la katikati milimita 30.
- Unene milimita 30.
- Mfereji wa nje upana milimita 16, kina milimita 8.
- Kingo zote za tundu ziviringwe kama donati, pasiwe na kona hata moja.

Pete ya chuma ya vipimo hivyo itakuwa na kama gramu 800. Ya alumini ni kama theluthi yake, na haishiki kutu. Ukiipata, pitisha kitambaa laini au soksi ya nailoni ndani ya tundu. Ikinasa mahali popote, mrudishie fundi. Kinachonasa soksi kitakata kamba.

*Vitu vya kukataa:* Nondo iliyokunjwa, hata kama fundi ni mjomba wako. Ringi ya beringi chakavu, maana chuma chake ni kigumu sana na kikipigwa kwa mshtuko kinaweza kupasuka kama kigae. Alumini iliyoyeyushwa kutoka kwenye sufuria, kwa sababu ndani huwa na matundu ya hewa. Na kipande cha bomba, kwa kuwa kingo zake ni kisu.

Kutengeneza kamba ya pete

Kamba hii ya milimita 16 itakuwa na jicho dogo upande mmoja, lililoikumbatia pete, na jicho kubwa la sentimita 20 hivi upande wa pili. Macho haya hatuyafungi kwa fundo, tunayasuka. Fundo linaweza kuondoa karibu nusu ya nguvu ya kamba, kwa sababu linaikunja kwa kona kali. Jicho lililosukwa vizuri linabakiza sehemu kubwa ya nguvu yake. Wavuvi na mabaharia wanafanya hivi kila siku. Ukimpata mmoja akuonyeshe mara moja, utaelewa kuliko maelezo yangu. Lakini ni hivi:

1. Fungua nyuzi tatu za ncha ya kamba kwa urefu wa sentimita 40. Funga kila ncha kwa selotepu isifumuke. Funga uzi mahali ulipoishia kufungua.
2. Zungusha kamba kwenye mfereji wa pete mpaka ikae sawasawa.
3. Chukua uzi wa katikati, uingize chini ya uzi mmoja wa kamba nzima, ukienda kinyume na msokoto.
4. Uzi wa kushoto uingize chini ya uzi unaofuata.
5. Geuza kamba. Uzi uliobaki uingize chini ya uzi wa tatu ambao bado hauna mwenzake. Sasa kila nafasi imetoka uzi mmoja. Zikitoka mbili mahali pamoja, umekosea, fumua.
6. Vuta zote zikaze. Halafu endelea, kila uzi upite juu ya mmoja, chini ya mmoja. Fanya mizunguko mitano kamili. Kamba hizi zinateleza, mitatu haitoshi.
7. Kata ncha ukibakiza sentimita 2, kisha ziyeyushe kidogo kwa moto.
8. Funga uzi imara wa nailoni kwenye shingo ya jicho, karibu kabisa na pete, mizunguko kumi na zaidi, ili pete isitoke kwenye mfereji wake.

Upande wa pili fanya vilevile, ila jicho liwe kubwa kiasi cha pete kupita ndani yake.

Ukienda juu ya mti, unazungusha kamba hii kwenye shina au panda imara, unaipitisha pete ndani ya jicho kubwa, unavuta. Inajibana yenyewe. Hakuna fundo la kukumbuka. Iweke juu ya panda ili isiteleze kushuka.

Tawi lina kilo ngapi?

Usikadirie kwa macho. Mti mbichi hesabu lita moja ni kilo moja, ni salama zaidi. Kanuni ya shambani ni hii:

*Upana wa tawi kwa sentimita, zidisha kwa upana huohuo, zidisha kwa urefu kwa mita, zidisha kwa 8, gawa kwa 100.*

Mfano:
- Upana sm 10, urefu m 2: kilo 16
- Upana sm 15, urefu m 2: kilo 36
- Upana sm 20, urefu m 2: kilo 64
- Upana sm 20, urefu m 3: kilo 96

Ongeza robo kwa ajili ya majani na vitawi. Umeona? Kutoka sentimita 10 hadi 20 upana umezidi mara mbili, lakini uzito umezidi mara nne. Hapo ndipo watu wanadanganyika.

Kwa kifaa cha kujitengenezea kama hiki, kikomo changu ni kilo 50 kwa tawi, pamoja na majani. Utaniuliza, afisa, kamba nzuri ya nailoni ya milimita 12 si inabeba zaidi ya tani 2? Ndiyo, ikiwa mpya, imenyooka na inavutwa taratibu. Toa nusu ya fundo ulilofunga kwenye tawi. Toa mshtuko. Toa jua na matope ya misimu miwili. Ukimaliza kutoa, kilo 50 ni adabu, si uoga. Tawi likizidi, likate vipande vifupi kuanzia nchani. Ni kazi zaidi, lakini kahawa inabaki.

Ijaribu chini kwanza

Kabla hujapanda nayo, ifunge kwenye panda imara iliyo karibu na ardhi. Jaza udongo kwenye viroba viwili, pima kila kimoja kilo 50, vifunge kwenye kamba ya kushushia. Vuta viinuke mpaka magotini, funga kamba, wote msogee pembeni kwa dakika kumi. Halafu pandisha na kushusha mara kumi.

Kagua. Masuko ya jicho yamesogea? Pete imetoka kwenye mfereji? Kamba imepata manyoya au sehemu inayong'aa kama imeyeyuka? Ukiona lolote kati ya hayo, rekebisha na uanze tena. Hicho ndicho kipimo ambacho mimi sikukifanya. Kuipiga pete chini mara mbili si kipimo.

Siku ya kazi

*Watu ni watatu:* mkataji, mshika kamba, na mtu wa tatu ambaye kazi yake ni moja tu, kuhakikisha hakuna mtu, mtoto wala mbuzi anaingia chini ya mti. Usimdharau huyu wa tatu. Kama angekuwepo siku ile, mguu usingevunjika.

*Angalia juu kabla ya kamba.* Kuna nyuki? Kuna tawi kavu linaloning'inia? Kuna nyaya za umeme? Kama nyaya ziko karibu na mti, acha, wapigie TANESCO. Hapo hakuna ujanja.

*Weka pete juu ya sehemu utakayokata.* Tawi likikatika linabaki limening'inia chini ya pete, halianguki kwanza. Pete ikiwa chini ya tawi, unatengeneza mshtuko mwenyewe.

*Funga tawi.* Pitisha kamba juu ya tawi, funga kitanzi kwa lile fundo tunalofungia ng'ombe shingoni, lisilomkaba, kuizunguka kamba yenyewe, ili kitanzi kiteleze na kubana tawi. Ongeza mzunguko mmoja mbele yake kwa usalama. Kaa kama sentimita 30 nje ya mstari wa kukata, msumeno usiguse kamba.

*Zungusha kamba kwenye shina.* Kamba ikishuka kutoka kwenye pete, izungushe mara mbili au tatu chini ya shina, au bora zaidi kwenye mti wa jirani ili mshikaji awe mbali. Kila mzunguko kamili unaweza kupunguza nguvu mkononi mara nne au zaidi. Ndo maana mtu mmoja anashusha kilo 50 bila kutoa jasho. Mizunguko ikizidi kamba inagoma kwenda, punguza mmoja. Avae glovu za ngozi, na asizungushe kamba mkononi wala kiunoni. Kamba ikikimbia, inakimbia na wewe.

*Toa ulegevu wote*, kamba ikaze kabla ya msumeno kuanza.

*Kata.* Anza chini ya tawi, ingia theluthi moja ya unene. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo kuelekea nchani. Hivi gamba halichaniki mpaka kwenye shina. Mkataji akae upande ambao tawi haliendi. Tumia msumeno wa mkono. Chensoo juu ya ngazi hapana, hata kama umezoea. Ngazi ifungwe kwenye shina juu na chini. Kisiki kilichobaki kikate mwisho, nje kidogo ya lile vimbe linalounganisha tawi na shina. Usilikate vimbe lenyewe, ndilo linaloponya kidonda.

*Shusha.* Mkataji akisema "shusha", mshikaji analegeza polepole. Tawi likigusa ardhi, anasubiri. Mtu wa tatu anasema "salama", ndipo mtu anaingia kulifungua. Maneno ni hayo mawili tu. Mkiongea yote, hamtasikilizana.

Kitu ambacho kifaa hiki si chake

Kamba hii na pete hii ni za tawi. Si za mtu. Usijifunge nayo, usimpandishe nayo mdogo wako, usiitumie kuvuta pikapu iliyokwama wala kumfunga fahali. Kamba iliyovuta gari jana haijulikani imeumia wapi leo. Mimi nimepaka ncha za kamba yangu rangi nyekundu, na nyumbani kila mtu anajua nyekundu haiguswi.

Ukitaka kupanda juu zaidi ya ngazi, hiyo ni kazi ya mtu mwenye mkanda wa usalama wa kununua na uzoefu. Mlipe. Na kama mti wenyewe unaangushwa wote, ulizia kwanza ofisi ya kijiji kuhusu kibali.

Kuitunza

Baada ya kazi, osha kamba kwa maji tu, ianike kivulini. Itundike ndani, mbali na jua, petroli, dawa za shamba na betri ya gari. Kila kabla ya kazi, ipitishe mkononi mita kwa mita. Ukihisi sehemu ngumu, iliyonyong'onyea, iliyoyeyuka au yenye uzi uliokatika, kata hapo. Kama ni katikati, umepata kamba mbili za kufungia majani ya ng'ombe. Iuguze roho yako, usiiunge.

Najua mtu atasema hii ni gharama, kamba, fundi wa kukereza, viroba, watu watatu. Ni kweli si bure. Lakini piga hesabu ya mibuni mitatu iliyovunjika, mavuno ya miaka miwili au mitatu ukisubiri mingine ikue, na kitanda cha hospitali. Vijana wanne hapa kwetu walichangishana wakatengeneza seti moja, sasa inazunguka mashamba yao yote na majirani wanawaita kwa malipo.

Mmoja wao ni yule kijana wa nondo. Mdogo wake anatembea vizuri sasa, na ndiye mtu wa tatu wao. Anasimama pembeni na filimbi. Hakuna anayepita.

Tukutane makala ijayo, tutaongelea kubebesha Hass kwenye visiki hivyo mlivyovikata. Kazi njema na msimu mwema.